Chumvi

Leo Dulcineide hana sauti.
Amekuja na skafu shingoni, asali kwenye kichupa,
akanikabidhi maikrofoni
kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyelala.
Mimi ni dereva. Miaka kumi na moja
nimemsikiliza kwa kisogo,
maneno yake nayajua kama waumini wajuavyo sala:
midomo inakwenda, akili iko sokoni.

Saa mbili asubuhi, ufukwe wa Pajuçara, mji wa Maceió.
Abiria kumi na wanne, kofia mpya.
Maharusi wa Curitiba, pete bado zinawawasha.
Mzee mmoja wa Goiás, Seu Abdias,
hajapata kuiona bahari tangu azaliwe
na anaikagua kwa shaka, kama bili ya umeme.

Nasema: kushoto kwenu, mabibi na mabwana,
maji yenye rangi tisa za kijani.
Tisa ni hesabu ya Dulcineide.
Mimi nimejaribu mara nyingi, nakwama kwenye nne.
Lakini kuongoza wageni ndiko huko, kutia chumvi,
na mkono wake yeye ni mzito.

Kanisa kuu, robo saa.
Mtaa wa lesi, dakika arobaini,
kwa kuwa wenye maduka hutupa asilimia kumi na kahawa.
Pale kibarazani Dona Zefinha anafuma,
uzi umewambwa kwenye fremu kama wavu wa kunasia mwanga.
Hakuinua kichwa.
"Sauti yako mbaya," aliniambia, "lakini haikimbii."

Kisha kilimani.
Hapa maandishi yanasema: tazameni baharini, pigeni picha.
Wote wakatazama baharini.
Seu Abdias akaipa bahari mgongo,
akanyoosha kidole upande wa ziwa:
"Na kule? Mbona hakuna nguo kwenye kamba?"

Dulcineide akanitazama.
Kwa swali hilo hatuna maandishi.

Nikasema: kule ni Bebedouro.
Nimezaliwa kule, mtaa unaoteremkia majini.
Chini yake kulikuwa na chumvi, chini sana,
na kampuni iliichimba tangu mimi sijaota meno,
ikaacha mapango gizani, hakuna aliyeyaona.
Mwezi wa tatu mmoja, baada ya mvua, ardhi ikakohoa.
Ufa ulianzia jikoni kwa mama,
ukapita chini ya friji,
ukatokea kwa jirani bila kupiga hodi.
Wakaja vijana wa helmeti, wakaandika namba ukutani kwa rangi.
Sisi tulikuwa mia mbili na sita.
Mama aliifuta kwa sabuni. Wakarudi, wakaiandika tena, kubwa zaidi.
Watu wakahama, mtaa baada ya mtaa, maelfu kwa maelfu,
na milango ikajengewa matofali.
Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.
Haya, fungua.

Paka walibaki.
Paka hawatii saini.

Upepo ulipuliza kwenye maikrofoni.
Bwana harusi akauliza, kwa adabu,
kama labda nimetia chumvi kidogo.
Hapana, nikamwambia. Hapa waliitoa.

Saa sita na nusu turudi pwani,
tapioka ya nazi imo kwenye bei.
Wengine walikula wakinitazama viatu.
Seu Abdias alikunja suruali hadi magotini,
akaingia majini na soksi zake mkononi,
akachovya kidole, akalamba,
akasimama pale muda mrefu
kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nilikuwa nazima injini
Dulcineide aliponisukumia risiti ya petroli,
nyuma yake mwandiko wake uliolala:
*Umezidisha dakika sita.
Kesho tutazikata kanisani.*