Jani la Saba

Lilikuja ndani ya chupa ya nusu lita:
kipande cha shina, vifundo viwili, jani moja.
Mwantumu alilipakata toka Muheza,
akashuka stendi ya Nzuguni miguu imevimba,
jani halina hata mkunjo.
Kwenye plasta alikuwa ameandika FILODENDRONI,
herufi zimelowa.
"Liwekee kijiti. Lisipopanda, litanyong'onyea."

Hakuniambia habari ya maji.

Maji ya bomba letu hapa Ipagala yana chumvi.
Huacha utando mweupe kwenye sufuria,
na wiki ya tatu yakaziunguza ncha za majani
zikawa kahawia, kavu, za kuvunjika.
Nikapiga simu.
"Unalinywesha nini?"
"Ninachokunywa mimi."
"Wewe umezoea," akasema.

Basi, nina ndoo mbili.
Kubwa ya kuoga, kufua, kupikia.
Ndogo, yenye kifuniko,
ni ya maji ninayokinga ofisini Mtumba,
nyuma ya ukuta wa masijala,
kiyoyozi kinapodondosha tone, tone, tone.
Wenzangu wananiona nimechuchumaa na chupa.
Miaka kumi na tisa ya utumishi,
wanasema, na bado anachota kisimani.

Kijiti ni ufito wa mkole.
Nimeuzungushia kamba ya katani,
naulowesha kila jioni,
maana mizizi yake ya hewani hupapasa kwanza,
kama mtu anayetafuta swichi
umeme ukiwa umekatika.
Mmoja ulikataa katani,
ukaenda kushika ufa wa ukuta.
Nimeuacha.

Jumamosi nafuta vumbi.
Upepo wa Agosti hauulizi kama dirisha limefungwa.
Kiganja chini ya jani, kitambaa juu,
kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, taratibu;
nikikikamua, beseni lote
linageuka Bihawana.

Sechelela wa nyumba ya pili alikuja kurudisha ungo.
Akalitazama kama anayekagua mahari.
"Linaliwa?"
"Haliliwi. Lina sumu, mbuzi wako wasiliguse."
"Linazaa?"
"Sijaona."
"Linatibu?"
"Hapana."
Akageukia ndoo ndogo, akafunua kifuniko, akakirudisha.
"Na maji linakunywa."
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Kwao Mvumi, miaka ile, alitembea na debe
kabla jogoo hajawika, na mtoto mgongoni;
hili aliniambia siku nyingine, kwa jambo jingine.

Mlangoni akasimama.
"Likifika majani saba, nikatie."

Sasa yapo sita.
La saba limejisokota tangu Jumanne,
jembamba kama risiti iliyosahauliwa mfukoni,
na asubuhi nalichungulia kabla ya kupiga mswaki.
Mkasi nimeunoa. Nitakata chini ya kifundo,
kama nilivyoelekezwa,
ingawa mkono, nikiufikiria, unasita.

Jana nilipita kwake kuomba chumvi.
Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo ndogo,
mpya, yenye kifuniko,
bei bado imebandikwa.
Sikusema neno. Akanipimia chumvi,
akanijazia zaidi.