Zamu ya Maji

Miaka kumi na mmoja sikumjulia hali Yangchan.
Aliniita mwizi wa maji mbele ya kadamnasi,
siku ya kupura shayiri, nami kifuani nina nishani tatu.
Nikaapa. Sajini akiapa, hata kuku wa jirani hunyamaza.

Huku kwetu Ladakh mvua ni mgeni aliyekosea njia.
Tunakunywa mlima: barafu huyeyuka mchana,
huteremka jioni kwa mifereji ya mawe,
na kila shamba lina zamu yake,
na kila zamu ina ugomvi wake.

Usiku ule zamu ilikuwa yake hadi nyota ya alfajiri.
Nilitoka na sepetu, bila taa.
Nia yangu siifichi: nizibe mlango wa maji yake,
kidogo tu, kiasi cha ngumi moja ya tope,
siku zipite, aone majani ya njano, ajue mimi nani.

Mimi nani. Neno hilo nilitembea nalo njia nzima
kama mtu aliyebeba jogoo kwapani,
anambana asiwike.

Nikamkuta ameinama penye ukingo uliobomoka.
Si ukingo wake. Wangu.
Maji yalikuwa yakipotelea changaraweni,
naye kavua mtandio wake wa sufu,
anausokomeza kwenye ufa, anapiga udongo kwa kiganja.

Hakugeuka. "Dhanbir," akasema,
"mbona umechelewa? Shika jiwe hili, mikono imeniganda."

Dhanbir ni kibarua, Mnepali, hulala penye zizi la mbuzi.
Mimi humwita "wewe".

Ningeweza kukohoa kile kikohozi changu cha gwaride.
Ulimi ulishafika kwenye meno.
"Haya, mama," nikasema,
na yule sajini akabaki nyuma
kama kiatu kinavyobaki topeni, mguu ukaendelea.

Tulifanya kazi. Maji yale hayaulizi cheo, hung'ata tu.
Akanieleza mambo ambayo watu humweleza Dhanbir
kwa kuwa Dhanbir hahesabiwi:
kwamba mwanawe aliye Delhi hapokei simu tena,
kwamba usiku huzungumza na ng'ombe
ili sauti yake isisahau njia.
Kisha, akishindilia udongo:
"Yule sajini roho yake ni kokoto.
Lakini shayiri yake imenikosea nini?"

Sikujibu. Sikuwa na wa kumtetea.
Nilimtafuta huyo aliyetukanwa, nikapapasa ndani,
kifuani, kooni, pale ghadhabu inapoketi mguu juu ya mguu,
nikakuta kiti, na joto la aliyekikalia.
Basi.

Ufa uliposhika, maji yalibadili sauti.
Mwanzo yalinung'unika; sasa yalipita tu.
Tukakaa. Sijui dakika ngapi.
Nikasikia shamba lake likinywa,
shina kwa shina,
kama mtoto mwenye homa aliyekubali kikombe,
na koo lililopoa lilikuwa langu.

Mashariki ilipoanza kupauka niliondoka upesi
kabla uso wangu haujanirudia.

Usinisifu. Mchana wake nilimfokea karani wa posta
kwa kuandika jina langu bila cheo.
Jogoo hafi kwa kubanwa mara moja.
Lakini jioni nilikwenda zizini, nikapiga hodi,
nikamwita kwa jina, na jina likanikwama kidogo.

Dhanbir alikuwa na aprikoti kavu tele mapajani.
"Mama Yangchan kanipa. Kanishukuru kwa jana usiku.
Jana usiku nililala fofofo, afande. Nimefanya nini?"

Akanisogezea chache.
Nikaketi kwenye majani ya mbuzi, nikala.