Tone la Saa Tatu Usiku

Saa tatu kamili naegemeza kisogo kwenye kiti,
navuta kope ya chini kwa kidole kilichozoea dhahabu,
na wewe, chupa usiyezidi kidole gumba,
unanidondoshea moto wako.

Miaka kumi na mmoja.
Hesabu mwenyewe: macho mawili, kila usiku,
ukitoa zile wiki tatu nitakazozitaja.

Mimi ni Mitsue Kitade wa Kanazawa, mkata majani ya dhahabu.
Kazini kwetu dirisha halifunguliwi hata kiangazi.
Feni ni adui, chafya ni hasara.
Jani likijikunja nalipulizia katikati, pumzi moja,
ndogo kama ya kumwamsha mtoto usiyetaka aamke,
nalo linalala.
Ndiyo maana nilielewa upesi
Daktari Uozumi aliponieleza kwamba juu ya jicho pana utando wa machozi,
mafuta juu, maji kati, ute chini ukivishikilia vyote,
mwembamba, wepesi wa kuchanika.
Nikamwambia, hiyo ni kazi yangu.

Siku ile hakuniambia kwamba dawa ingeuchana.

Mjukuu wangu Sayoko anazionea wivu kope zangu:
zimerefuka, zimekoza weusi;
bibi wa miaka sabini na mitatu
mwenye kope za msichana wa tangazo la sabuni.
Haoni wekundu wa ndani. Haoni asubuhi
ninavyofungua macho kama anayebandua plasta.
Mchanga. Kila nikipepesa, mchanga.
Na machozi juu yake! Jicho kavu linalotiririka,
mvua yote batini, kisimani hamna kitu.

Basi nikakuacha.
Nilikuficha nyuma ya kopo la miso,
mume wangu akiuliza, namjibu, "Nimeshatia."
Jicho likatulia. Wekundu ukaenda zake.
Nikasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo,
nikadhani nimekushinda.

Presha ya jicho haibishi hodi.
Inautafuna mshipa kama mchwa ndani ya boriti,
rangi ya nje ikibaki nzuri.
Kikombe cha chai, kushoto, chini kidogo, kikaanza kutoweka.
Nilikipindua mara mbili. Mara ya tatu kiliniunguza paja.
Kile kipande cha dunia hakikurudi.
Hakirudi.

Daktari hakunigombeza.
Aligusisha kwenye kope kikaratasi cha rangi ya chungwa,
akazima taa, akawasha mwanga wa buluu,
akanionyesha konea yangu kwenye skrini:
vitone vya kijani, vingi,
kama kitambaa alichokidunga mtoto kwa sindano akicheza.
"Hapa seli zimeumia," akasema.
"Na si dawa peke yake. Ni kile kilichotiwa chupani isioze.
Kinaua vijidudu. Hakijui kuchagua."
Mlinzi anayempiga mwenye nyumba, nikasema.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Miaka yote nilichungulia chumba cha ndani," akasema,
"sikutazama kizingiti ninachokikanyaga."

Sasa natumia vichupa vya plastiki, kila usiku kimoja,
unavunja shingo, unatia, unatupa. Havina mlinzi ndani.
Bei yake mume wangu anaisoma kwa sauti, mara mbili,
kana kwamba mara ya pili itapungua.
Wewe nimekuweka dirishani, mtupu. Sijui kwa nini sikutupi.
Uliniokoa, nadhani. Uliniunguza, najua.
Daktari anasema uso wa jicho huota upya, nivumilie miezi.
Mshipa hauoti.

Nimerudi mezani na kibano changu cha mianzi.
Jani lina pembe nne. Mimi naona tatu.
Ya nne nageuza shingo kuitafuta,
au naikata kwa kukumbuka.

Jana nilikata kumi na saba bila kuchana hata moja.
La kumi na nane, nikapepesa.