Yadi Nne za Marikani

Muuzaji wa Mtaa wa Mchikichi alishusha jora,
akashusha na sauti: "Pole.
Marehemu ni mrefu?"
Nikasema sijui bado.
Akakata yadi nne, akaongeza shubiri moja,
hiyo hakunilipisha.

Sikudhani ananiambia nipake kwanza msingi,
mikono miwili ya nyeupe, nipige msasa,
kitambaa kizibwe vinyweleo kisije kikalewa.
Ndivyo alivyofunzwa. Picha zake hung'aa
ukutani, kule kwenye hoteli.

Mimi nimekitandaza sakafuni, hapa Keko, kilivyo:
vijipele vya mbegu za pamba,
kunjo la jora, harufu ya ghala.
Nakiloanisha. Nadondosha nili ya kufulia.
Tone halikai nilipoliweka,
linatambaa uzi kwa uzi, kama umbea uani,
linavuka mstari niliouchora
wala halibishi hodi.

Hapa hakuna kufuta.
Nilikanyaga; kisigino kimo.
Mwinjuma wa chumba cha pili alimwaga chai ya rangi.
Imo, na imezishinda rangi zangu zote.

Ijumaa Sikudhani alisimama mlangoni,
viatu mkononi.
"Itaoza hii."
Nikamkaribisha chai iliyobaki.

Alipoondoka nilikigeuza.
Upande wa chini, ambao brashi haikuugusa,
kuna mtu amelala chali, wa nili,
mrefu,
na miguuni pake imebaki shubiri moja.