Kanitangaze

Miaka thelathini na moja niliandika mabehewa
pale stesheni ya Tabora: yaliyoingia, yaliyotoka,
yenye tumbaku, yenye ng'ombe, matupu.
Sasa naandika wadudu.

Daftari ni lile lile la jalada gumu,
kona zimeliwa na mende.
Jumatatu: vidukari kwenye kunde. Niliandika "wengi"
nikaona haya. Karani haandiki "wengi".
Jumanne: sota mmoja. Amekata miche sita ya kabichi
shingoni, akailaza chini kama mtu aliyetumwa.
Jumatano: mvua. Hakuna aliyesafiri.

Halafu yule.
Anachimba reli ndani ya jani la nyanya,
reli nyeupe, nyembamba, inapinda bila kituo,
na jani likiisha anahamia kwenye tunda
kwa tundu ambalo hata sindano ingelionea wivu.
Sokoni wanamwita kanitangaze.
Jina la kiburi: nenda, kawaambie nimefika.
Mimi sikumtangaza.
Nilifunga mlango wa uani
Mama Nyanzala wa jirani asije akachungulia.

Mihambo, mwanangu, akaleta kichupa cha dukani,
maandishi ya kuhitaji miwani, fuvu jekundu.
Mkewe ananyonyesha.
Kichupa kilikaa dirishani siku mbili, kikarudi kilikotoka.

Nikaagiza tumbaku. Urambo hawakunyimi tumbaku.
Niliiloweka usiku kucha na kipande cha sabuni ya mche,
na alfajiri ndoo ikanuka baba:
koti lake, moshi wa bani, kikohozi cha saa kumi.
Nikakaa juu ya tofali mpaka apite.
Kisha nikanyunyiza, khanga puani.

Vidukari walikufa.
Wakafa na wale wadogo wekundu, madoa meusi mgongoni,
waliokuwa wakiwala vidukari bila mshahara.
Kumi na saba. Nimewaandika mmoja mmoja
katika safu ya waliotoka.

Siku hizi ni tochi na vidole.
Saa tatu usiku nainama Isevya nzima ikisikiliza taarifa,
magoti yanalia kama breki za behewa la mizigo,
nageuza jani, nabinya, nageuza jingine.
Mjukuu wangu Kabula ameshika kopo la maji ya sabuni.
"Babu, huyu naye ana mama?"
Hesabu, namwambia, usiulize.
Nikamwona akimrudisha mmoja kwenye jani, polepole.
Hilo sikuliandika.

Leo nimechuma nyanya kumi na mbili. Saba zimetobolewa.
Kisu kinakata upande wa mgeni, kuku wanagombea;
upande wangu unaingia chunguni, kwenye nsansa na karanga.

Mama Nyanzala amekuja kuazima chumvi.
Anaziangalia zile nusunusu juu ya ubao,
anaangalia huku na huku,
anashusha sauti:
"Kwangu tangu mwezi uliopita, baba Mihambo.
Hukuona nimefunga mlango wa uani?"