Safu ya Sababu

Miaka kumi na minne nimepima asali
pale ghalani Isevya, nyuma ya reli,
na daftari langu lilikuwa na safu tano:
jina, ndoo, kilo, upungufu, sababu.
Zimepungua kilo mbili? Andika: ndoo ilivuja.
Nusu kilo? Andika: masega hayakuchujwa.
Hakuna upungufu ulioachwa yatima.
Bwana Sizya, mkaguzi, hakuwa na mzaha na hilo.

Jumanne ile nilisema, "Sitini na mbili na ro—"
na robo ikanikwama mdomoni.
Maumivu nayajua, nimezaa mara tatu;
haya hayakuwa ya ukoo huo.
Ilikuwa kama mtu kabamiza mlango wa behewa,
mimi nimo ndani, na treni inaondoka.
Mihayo, kuli wetu, anasema nilianguka
mguu mmoja ukabaki juu ya mizani,
mshale ukasoma kilo nne.
Hakuna aliyeandika.

Kitete wakanipa rufaa.
Mwanza wakapiga picha: damu imetapakaa
chini ya ubongo, kama chai kwenye kisahani.
Wakapitishia mpira pajani, wakafuata mishipa
mto kwa mto, kijito kwa kijito.
Hawakuona kitu.
Wiki ya pili wakarudia.
Hawakuona kitu.

"Mama, hiyo ni habari njema," akasema daktari,
kijana, kola imekunjika upande.
"Tusiowaonea chanzo, wengi wao hurudi nyumbani
kwa miguu yao."
Kitanda cha pili alilala Mama Sikujua wa Kaliua.
Yeye chanzo chake walikiona,
kivimbe mshipani, kama punje ya choroko.
Alikuwa na sababu, tena yenye picha.
Alhamisi wakakunja shuka lake.

Nyumbani kila mgeni alikuja na yake.
Shemeji: presha.
Mama mkwe: jicho la mtu, tangu mlipoezeka bati.
Jirani: ulionja asali ya mzinga wa wizi.
Na Kalunde, kitinda mimba wangu, usiku, taa imezimwa:
"Labda ni mimi. Nilikujibu vibaya asubuhi ile."
Wale wengine niliwapa chai.
Huyu nilimvuta kitandani kwangu, miguu yake ya baridi na yote.

"Umepona," wananiambia sokoni.
Ni kweli. Napika. Nafika stesheni bila mkongojo.
Lakini saa nane mchana uchovu hunikalia kichwani
kama gunia la tumbaku mbichi,
na kijiko nakiita kile, kile cha kukorogea,
na nikitaka kupiga chafya nakaa chini kwanza,
nashika ukuta.
Kitu kisicho na jina hukikemei.
Hujui ukiambie kitoke wapi.

Jumatatu nimerudi, nusu siku.
Mihayo ananitajia kilo mara mbili, bila kuombwa.
Nikafunua ule ukurasa wa Jumanne:
sitini na mbili, kisha mkwaruzo wa kalamu hadi ukingoni.
Nikaongeza robo.
Kwenye upungufu nikaandika: siku hamsini na moja,
majina ya mitaa, kijiko.
Kwenye sababu kalamu ikasimama.

Bwana Sizya akaja, akasoma, akavua miwani, akaifuta,
akasoma tena.
Akapiga muhuri.
Nikapuliza wino ukauke.
Ndoo iliyofuata: hamsini na nane kamili.