Kidole Kimoja

Chande, hela ya korosho ina moto, najua.
Mnada wa tatu umelipa, simu imelia,
na kutoka Newala hadi hapa Mkanaledi
umekuja na rimu nne ndani ya khanga mpya
kama wanao wanatoka jandoni.

Nzuri. Sikatai.
Hata bodaboda wamezima pikipiki watazame.
Lakini geuza moja.
Sura ya rimu iko mbele,
kauli yake iko mgongoni.
Futa hapo palipochongwa namba ndogo,
toa vumbi la breki la mwenyewe wa kwanza.

Upana tisa.
Ofseti ishirini na mbili.
Gari lako lilitoka kiwandani na hamsini.
Unajua maana yake? Aliyekuuzia anajua,
ndiyo maana alikupunguzia bei kabla hujaomba.
Namba ikishuka, mguu unatoka nje
kama kiwiko cha dereva wa lori dirishani:
sentimita tano na ushee, nimepiga hesabu,
na wewe springi ulishazikata,
bodi imelala juu ya tairi kama kofia iliyobana.
Hizo tano zitapita wapi?

Mama yangu, Somoe, alishona suruali pale Majengo
miaka thelathini.
Alisema nguo haiharibiwi na mkasi,
huharibiwa na futi iliyoshikwa kwa haraka.
Futi yake ndiyo hii.
Upande wa inchi umefutika mpaka saba,
natumia ule mwingine.
Watu hucheka, fundi magari na futi ya cherehani.
Wakimaliza kucheka huleta magari.

Haya, tufunge uone.
Nati tano zimekubali.
Tundu la kati limepwaya, nimetia pete,
usukani usije ukatetemeka kwenye lami ya Mnazi Mmoja.
Imekaa. Imependeza.
Umeshatoa simu unapiga picha.

Acha picha. Gari tupu ni muongo.
Hadija, acha vitumbua, njoo ukae nyuma!
Na wewe. Na wewe mnene. Na huyo mwenye gunia.
Sasa kata usukani wote kulia.
Sasa panda tuta la shuleni, polepole.

Krrrr.

Umesikia. Hata Hadija amesikia,
amejishika ubavu kana kwamba amekwaruzwa yeye.
Tazama bega la tairi, limenyolewa,
na hapo umepanda tuta moja tu,
bado hujaonja makorongo ya Tandahimba.

Umenyamaza. Unahesabu magunia.
Ngoja.

Nyuma ya kabati, chini ya turubai,
nina nne za kijivu. Inchi kumi na saba, upana nane,
ofseti arobaini.
Hazimeti. Moja ina kovu la ukingo wa barabara,
usiku ule namkimbiza mama Ligula
na kona sikuiona.
Gari niliuza, tukalipia dawa.
Rimu nilizibakiza.
Usiniulize.

Jeki juu. Jeki chini.
Nachutama, naingiza kidole kati ya tairi na fenda:
kimoja kinapita, cha pili kinagoma.
Hapo hapo.
Ndivyo mama alivyopima kola,
kidole kimoja ndani, mteja ameze mate,
asikabwe, wala isimpwaye.

Za kumeta utamuuzia mtu mwenye gari refu,
nitakutafutia, yupo mmoja Masasi ana haraka kama yako.
Za kwangu utanilipa msimu ujao,
au usinilipe, lakini ukigonga ukingo
njoo uniambie upande gani.

Pakieni tena. Wote.
Mnene akae kati.
Panda tuta, Chande.

Nimesimama na futi shingoni, nasikiliza.
Injini. Gunia likihama.
Hadija akiuliza nani anaangalia vitumbua vyake.